Tuko Mataani

Kila siku saa nne asubuhi, gari la doria lilisimama mbele ya baraza la Fundi. Pua iliingia kichochoroni, mkia ukabaki nje. Lilikuwa kama mbuzi anayejificha kwa kuingiza kichwa tu. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua ni kituo cha polisi peke yake.

Fundi ni mshonaji wa nguo. Cherehani yake iko barazani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Mume wake alikuwa askari wa doria. Jina lake la kazini lipo, lakini hakuna aliyelitumia. Walimwita Afande Chai. Watu walisema asubuhi akiaga haendi kazini, anakwenda kungojea birika lichemke. Mwenyewe alicheka tu. Alisema kazi yake ni kulinda raia, raia wa kwanza ni mke wake, na mke wake haachani na birika.

Mwenzake kwenye gari alikuwa dereva mmoja wanayemwita Kimya. Kimya aliingia, akakaa, akapewa kikombe, akasema, "Ahsante, shemeji." Hapo maneno yake ya siku yalikuwa yamekwisha.

Redio ya upepo iliwekwa mezani, katikati ya chaki na vifungo. Mara ilikoroma, na sauti ya Sajini ikatoka. Sajini ni mama anayekaa kituoni, kwenye chumba cha redio. Kazi yake ni kujua kila gari liko wapi.

"Doria Mbili, mko wapi?"

Afande Chai alimeza mkate haraka. "Tuko mataani, Sajini. Magari leo ni mengi."

Mataani ni kule kwenye taa za barabara kuu, mbali na hapo. Ndiko Doria Mbili ilikopangiwa. Fundi naye alijua la kufanya. Redio ikikoroma tu, aliinua miguu yake miwili kutoka kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza, Sajini asije akauliza siku hizi mataani kunashonwa nguo gani. Redio ikizimika, walicheka wote. Hata Kimya alitabasamu.

Kwa hiyo baraza la Fundi likawa kama kituo kidogo. Aliyeibiwa kuku alikuja hapo. Waliogombania kamba ya kuanikia nguo walikuja hapo. Kila mtu mtaani alikuwa na namba ya Afande Chai kwenye simu yake, na wengi walikuwa wameiandika "Polisi". Namba ya kituo ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme. Juu yake mtu alibandika tangazo la chumba cha kupangisha, na hakuna aliyeona tofauti.

Fundi alijivunia hayo. Lakini rohoni alitaka kitu kimoja tu. Alitaka jioni aone buti mbili mlangoni. Buti mbili zikiwepo, mume yumo ndani, mzima. Basi analala.

Siku hiyo tairi la gari la doria lilikuwa linavuja. Kimya alisema atalipeleka kwa mziba pancha, kisha atarudi kumchukua mwenzake. Afande Chai akamwambia aende tu, nani atamla pale kwa mkewe? Redio ya mkononi ilikuwa moja. Ilibaki mezani.

Kikombe hakijafika nusu, mke wa Seremala akaja mbio, miguu mitupu, mkono ameushikilia kifuani. Nyumba yao ni ya nne kutoka hapo. Alisema mume wake ameharibikiwa. Mteja amelikataa kabati kwa sababu mlango haufungi. Tangu asubuhi Seremala anavunja vitu. Amelivunja kabati kidogo, amemrushia yeye kigoda, sasa amejifungia.

"Kaka, njoo uzungumze naye," alisema. "Wewe anakusikia."

Afande Chai akasimama. Akajipangusa makombo.

"Mngoje Kimya," Fundi alisema.

"Kimya aje amfanyie nini Seremala? Amnyamazie?" Akachukua redio, akaichomeka kiunoni. "Jana tu tumecheza drafti na yule. Nifunikie chai yangu, nakuja."

Fundi akafunika kikombe kwa kisahani.

Afande Chai hakusema kitu kwenye redio. Angesema nini? Ili aseme anakwenda kwa Seremala, ilibidi kwanza aseme yuko mtaani kwake. Na muda mfupi uliopita alikuwa mataani. Basi akaenda hivyohivyo, peke yake, bila mtu yeyote kituoni kujua.

Alisimama katikati ya mlango wa Seremala, kifua mbele, kama anavyosimama jirani. Akapiga mlango kwa kiganja.

"Seremala, fungua. Ni mimi. Toka nikufunge tena drafti."

Ndani Seremala alikuwa anang'oa bawaba za lile kabati kwa patasi, kile chuma chenye makali cha kuchongea mbao. Alikuwa analia na kutukana. Aliposikia mlango unapigwa alidhani mteja amerudi. Alifungua kwa nguvu na kutoka kama mtu anayesukuma ukuta. Hakuangalia ni nani. Patasi ilitoka naye.

Ikaingia kwenye paja la Afande Chai, juu kidogo ya goti.

Fundi alisikia yowe. Alipofika, mume wake alikuwa chini na damu inatoka kwa kuruka. Seremala alikuwa amekaa kizingitini, mikono kichwani, anauliza watu, "Ni Chai? Ni Chai kweli?"

Afande Chai aliwahi kubonyeza redio. "Niko chini," alisema. "Nisaidieni." Kisha mkono ukalegea.

Kituoni, Sajini alisikia. Akayaagiza magari yote yaliyokuwa karibu yakimbie mataani.

Fundi alikuwa amekuja na kitambaa alichokuwa anashona, cha sare za shule. Akakikunja, akakikandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili. Aliwaambia majirani wapige simu polisi. Majirani wakatoa simu, wakatafuta neno "Polisi", wakapiga.

Simu ikaanza kuita mfukoni mwa Afande Chai.

Ikakatika, ikaita tena. Huyu akikata, yule anapiga. Fundi viatu, mzee wa pale kona, alisimama na simu sikioni, macho yanamtazama mtu aliyelala chini. "Inaita," alisema, "ila hapokei."

Ndipo wakasikia king'ora. Watu wakasema wanakuja, wanakuja. Lakini sauti haikukaribia. Ilikuwa mbali, upande wa barabara kuu, inazunguka. Inapanda, inashuka, inazunguka tena. Fundi aliisikiliza huku mikono yake imelowa hadi viwiko. Alielewa kabla ya wote. Wanamtafuta mataani.

Alimwambia mke wa Seremala akandamize kitambaa, akachukua redio. Hakuwahi kuishika. Akabonyeza kitufe, akapiga kelele, "Njooni nyumbani! Njooni nyumbani!" Hakukiachia. Hakujua kwamba ukikishikilia kitufe unasikika, lakini wewe husikii mtu. Kituoni Sajini alikuwa anauliza nyumbani kwa nani, mtaa gani. Hakuna alichokisikia Fundi. Kwake yeye, nyumbani hakukuhitaji maelezo.

Duniani kulikuwa na askari mmoja tu aliyejua ukweli, naye ni Kimya, aliyekuwa kwa mziba pancha, gari liko juu ya jeki, mashine ya upepo inanguruma masikioni mwake. Redio ya garini iliita mpaka ikachoka.

Aliporudi na tairi lake zima, aliona watu. Akaichukua redio mkononi mwa shemeji yake na kusema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema. Alitaja mtaa, nyumba, alama. Alisema nani kaumia na kaumia wapi. Alisema, "Mataani hatukuwepo." Kisha wakambeba.

Daktari alimwambia Fundi kwamba mikono yake na kile kitambaa ndivyo vilivyookoa uhai wa mumewe. Lakini mguu ulikaa bila damu muda mrefu mno. Waliukata.

Afande Chai alirudi nyumbani na magongo. Jioni Fundi alitazama mlangoni, akaona buti moja. Alitaka kuitoa. Akashindwa. Akaiacha.

Yule mtu aliyekuwa na neno kwa kila kitu sasa hakuwa na neno. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la barazani, uso ameugeuzia ukutani. Ukimletea chakula alikula, ukimletea chai aliitazama mpaka ikapoa. Fundi aliendelea kumchemshia. Hakujua afanye nini kingine saa nne. Kimya ndiye aliyejifunza kusema. Alikuja Jumapili, akakaa mbele ya mwenzake, akazungumza peke yake mpaka akachoka, akaondoka. Kama wamebadilishana ndimi, na wote wamepata hasara.

Seremala alifungwa. Mke wake alirudi kwao. Karakana yake ilifungwa kwa kufuli, na ndani yake, ukichungulia ufa, unaliona kabati lenye mlango usiofungika.

Siku moja alikuja mama mmoja mfupi, amevaa gauni la kawaida. Hakuna aliyemtambua mpaka aliposema hodi. Hapo Fundi akainua miguu kwenye kanyagio kabla hajajijua. Ilikuwa sauti ya redioni.

Sajini alikuwa na likizo siku hiyo. Alisema hakuweza kukaa kwake. Kila akipita mataani anayaona yale magari yakizunguka, na yeye ndiye aliyeyatuma.

Fundi alimpa kigoda. Akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu.

"Niambie ukweli, dada. Ni chai yangu?"

"Chai haikumchoma mtu," Sajini alisema. "Angeniambia yuko kwake anakunywa chai, ningemgombeza. Ningemwandikia adhabu. Lakini ningejua pa kuleta gari. Askari akisema yuko mataani, kwangu mimi yuko mataani. Hana mahali pengine pa kuwa."

Fundi alitikisa kichwa. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akiinua miguu ili cherehani isisikike. Sajini akamwambia yeye naye alijua kuna kitu, kwa sababu mataani hakukuwahi kuwa na utulivu vile. Alijua na hakuuliza. Basi wakakaa wote wawili, bila kufarijiana.

Baadaye majirani walikusanyika. Sajini akaomba autumie mlango wa Fundi kuonyesha. Alisema askari wa doria, kabla hajashuka garini, anasema yuko wapi na anakwenda kwa nani. Hata kama amekosea njia. Hata kama ataadhibiwa. Alisema askari wanakwenda wawili, na kama mmoja hayupo, aliyebaki anaita mwingine na anangoja, isipokuwa mtu akiwa anauawa mle ndani. Kisha akausogelea mlango, asisimame katikati. Akasimama pembeni, mgongo karibu na ukuta, akanyoosha mkono na kugonga.

"Mlango ukifunguka, cha kwanza kutazama ni mikono," alisema. "Mwambie mtu aonyeshe mikono yake. Uso wake utautazama baadaye."

Fundi viatu hakuridhika. Aliuliza, sasa askari aliyecheza na sisi drafti miaka yote, aje ajibanze ukutani kama mtu anayekwepa mvua? Hatatuonea haya?

"Ajibanze," Sajini alisema. "Mumcheke, aende kwake na miguu yake."

Hakuna aliyecheka.

Akawageukia wao. Alisema kosa halikuwa la askari peke yake. Simu ya askari mnayemjua ni simu ya mtu, siyo ya kituo. Anaweza kuwa amelala. Anaweza kuwa anaoga. Watu wakatazama chini, kwa sababu walijua anaweza kuwa wapi pengine. Aliwataka wapige namba ya kituo, na neno la kwanza liwe mahali: mtaa, nyumba, alama ya karibu. Simu ikikatika baada ya hapo, angalau gari linajua pa kwenda. Halafu mseme kuna nini, nani kaumia, na kama mtu ana silaha au chombo chochote mkononi. Msikate mpaka mwambiwe. Askari wakifika, msiwazunguke mlangoni. Na wakikusemesha, mikono yako ionekane.

Fundi akauliza kuhusu redio. Sajini akamwonyesha kwa kiberiti: bonyeza useme, achia usikie. Fundi alibonyeza na kuachia kile kiberiti mara nyingi, hata watu walipokwisha kuhama kwenye jambo hilo.

Kisha wakafanya mazoezi. Fundi viatu akajitolea kuwa mpigaji simu. Akaweka kiatu sikioni.

"Haloo, kituoni? Hamjambo? Na watu wa nyumbani? Mvua huko imenyesha?"

"Mzee, nyumba imeshaungua," Sajini alimwambia.

Hapo watu wakacheka, cheko la kwanza barazani tangu siku ile. Fundi aligeuka kutazama dirishani. Nyuma ya wavu mume wake alikuwa palepale. Bega halikusogea.

Kabla ya kuondoka, Sajini aliingia ndani. Alimsalimia Afande Chai, hakujibiwa. Kisha akasema taratibu, kwa ile sauti ya kazini, "Doria Mbili, uko wapi?"

Afande Chai alifumba macho. Sajini alitoka akijifuta uso kwa mtandio.

Namba ya kituo iliandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa baraza, juu ya cherehani. Watoto waliiimba wakiruka kamba. Tangazo la chumba lilibanduliwa nguzoni. Kwenye simu za watu, neno "Polisi" lilipata namba nyingine. Ile ya zamani wengi hawakuifuta. Waliiandika "Chai", na hawakuipiga.

Siku ziliendelea hivyo. Kisha ndugu wawili wauza mkaa wakagombana. Mmoja alijifungia stoo, anapiga kelele kwamba atakayeingia atakiona cha moto. Stoo inatazamana na baraza la Fundi. Fundi viatu alipiga simu kituoni. Alitaja mtaa kwanza. Alisema ng'ambo ya ukuta wenye namba. Alisema mtu ana koleo, lile la kuchotea mkaa. Hakumuulizia mtu hali ya nyumbani.

Gari la doria lilikuja na kusimama mbali kidogo na mlango. Redio ilisikika mpaka barazani.

"Sajini, Doria Mbili. Tumefika kwa wauza mkaa, mbele ya baraza la Fundi. Mtu mmoja ndani, ana koleo. Tunashuka wawili."

Ilikuwa sauti ya Kimya. Mwenzake mpya, dada mmoja mrefu, aliwarudisha watu nyuma, kisha akasimama ubavuni mwa mlango. Kimya akaenda upande wa pili. Lakini yule mwuza mkaa alikuwa rafiki yake. Alikuwa amemuuzia mkaa, amecheka naye. Kimya alipomsikia analia mle ndani, uso wake ukalainika. Akapiga hatua kuelekea katikati ya mlango.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Fungua tu, ni mimi."

"Kimya! Ukutani!"

Sauti ilitoka dirishani kwa Fundi. Ilikuwa inakwaruza, kama mlango wa zamani. Kimya akaruka pembeni kabla hajaelewa. Mlango ukafunguka na koleo likapita mahali alipokuwa, likagonga nguzo, likaanguka chini kwa mlio.

Yule dada akasema kwa sauti ya utulivu, "Mikono. Nionyeshe mikono." Mwuza mkaa akaitoa mikono yake, mitupu, myeusi. Akakaa chini akalia. Hakuna aliyeumia. Kimya akasema redioni kwamba wote wako salama.

Hawakuja kunywa chai. Kimya alitazama dirishani, akainua mkono, akakaa hivyo, kisha akaingia garini.

Fundi alibaki kwenye cherehani. Alingoja mume wake aseme tena. Kesho yake alingoja. Hakusema. Fundi akajiambia labda sauti ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na imetumika vizuri.

Siku nyingine saa nne, birika liko tayari, gari la doria likapita polepole. Vioo viko chini. Redio ikakoroma, na miguu ya Fundi ikainuka yenyewe.

"Doria Mbili, mko wapi?"

"Tunapita baraza la Fundi, Sajini. Hatusimami."

Gari likaenda zake. Vumbi likatulia. Cherehani ilikuwa bado kimya, miguu ya Fundi iko hewani, ndipo akasikia nyuma ya wavu, chini sana, mtu anamjibu Sajini ambaye hakuwepo.

"Niko nyumbani," Afande Chai alisema. "Niko nyumbani, Sajini."

Fundi hakugeuka. Alingoja kama kuna neno jingine. Halikuja. Akashusha miguu, akakanyaga, na sindano ikaendelea na sare ya mtoto wa watu.